Je, Wajua? Shina la Nyanya Huota Mizizi

Je, wajua kwamba shina la mche wa nyanya likifukiwa udongoni huota mizizi mipya? Kwa hiyo usiutupe mche uliorefuka na kulegea kitaluni. Uhamishie kwenye kiriba chenye udongo na mboji, ulifukie shina hadi karibu na majani ya chini. Miche iliyobebeshwa tu ndiyo isiyofukiwa kupita pale ilipounganishwa.

Lakini anza kwa kupunguza. Miche iliyosongamana hugombea mwanga na kuwa dhaifu, na unyevu unaokwama kati yake huleta kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina usawa wa udongo. Majani halisi yakishachomoza juu ya yale mawili ya mbegu, bakiza miche yenye afya. Ya ziada ikate kwa mkasi. Ukiing'oa, utaitikisa mizizi ya jirani.

Siku ya kuhamisha, mwagilia kwanza, na ufanye kazi jioni jua likipoa. Shika jani, kamwe si shina: jani likichanika litaota jingine, shina likivunjika mche umekwisha.