Bwana amerudi nyumbani kisha AVC: tuliyoyaona kwa mwenzetu wa Kadutu

Tuseme ukweli kwanza. Siku ile tulipopanda Kadutu kumwona mwenzetu ambaye bwana yake alikuwa ametoka hospitalini, watatu kati yetu tulikuwa na sababu mbili za kupanda. Ya kwanza ilikuwa kumtia moyo. Ya pili ni kwamba mzee huyo ni mshonaji, na vitenge vyetu vya 8 Machi vilikuwa kwake tangu mwezi wa pili, ndani ya mfuko, bado havijakatwa. Sikukuu ilikuwa imepita, tulitembea na nguo za mwaka jana. Hakuna aliyesema neno juu ya vitenge. Lakini tuliuangalia ule mfuko, na mwenzetu alituona tukiuangalia.

Mashine ya kushona ilikuwa pembeni ya sebule, imefunikwa kitambaa. Mzee alikuwa amekaa karibu nayo, mkono wa kuume juu ya mto.

Alikaa hospitalini siku 12. Asubuhi ile aliamka, akataka kuvaa viatu, mguu wa kuume ukakataa. Mdomo ukaenda upande, maneno yakatoka kama ya mlevi. Kwa majirani jibu lilikuwa tayari: karuho. Mmoja alikwenda mbio kutafuta dawa ya kumtapisha. Binti mkubwa ndiye aliyesimama mlangoni akasema hapana, baba anakwenda hospitali. Vijana wanne wakamshusha juu ya kiti cha plastiki mpaka barabarani, kwa sababu moto haifiki kule juu. Hospitalini tansio ilikutwa juu sana. Mzee alijua tangu zamani kwamba ana tansio, lakini aliacha vidonge kwa sababu hakusikia maumivu yoyote. Ndivyo tansio ilivyo, haiumi.

Tunaliandika wazi kwa sababu bado tunasikia neno karuho kwenye kila msiba. AVC ni mshipa wa damu wa kichwani ulioziba, au uliopasuka. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu inaharibika. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaongoza mkono na mguu wa kuume, na kwa watu wengi ndiko maneno yanakotoka. Kwa hiyo mzee alipoteza mkono wa kushonea na maneno asubuhi moja. Kumtapisha mtu ambaye koo lake limelegea ni kumtafutia kifo kingine, matapiko yataingia kwenye mapafu.

Sasa kosa letu. Tulikuwa wamama wanane ndani ya chumba kidogo, wote tukisema pamoja. «Anakula?» «Analala usiku?» «Ataweza kutembea kweli?» Tulimuuliza mwenzetu, na mzee amekaa pale pale kama meza. Akapiga kiti kwa mkono wake mzima, kwa nguvu, mara mbili. Mwenzetu akasema: «Mama zangu, anawasikia. Muulizeni yeye.»

Tulinyamaza. Kisha akatuonyesha namna wanavyofanya. Redio inazimwa. Mtu mmoja anasema, amekaa mbele yake ili amwone uso. Swali linakuwa fupi, la kujibu ndiyo au hapana kwa kichwa. Kisha unangoja. Unangoja zaidi ya vile ulivyozoea, humalizii maneno yake, humsemeshi kama mtoto mchanga. Siku zile neno moja tu ndilo lililotoka safi: sindano. Maji yalikuwa sindano, uji ulikuwa sindano, bibi yake pia alikuwa sindano. Watoto walicheka, naye siku nyingine alicheka pamoja nao, siku nyingine alilia mpaka shati likaloa. Kulia au kucheka bila sababu ni kitu kinachotokea kisha AVC, si lazima awe na huzuni. Lakini huzuni ya kweli nayo inakuja kwa wengi: mtu hataki kula, anageukia ukuta, hataki mazoezi. Hiyo mwambie munganga, inatunzwa.

Chakula kilikuwa hatari kubwa kuliko tulivyofikiri. Maji matupu, yale tunayompa kila mgonjwa, ndiyo yanayopotea njia haraka na kuingia kwenye mapafu. Tonge la bugali nalo linaweza kukwama. Kwa mzee wanapika uji mzito, viazi vilivyopondwa, samaki bila miiba ndani ya mchuzi mzito. Anakaa wima kabisa, kijiko kidogo, anameza, ndipo kijiko kingine. Wanaangalia shavu la kuume, maana chakula kinabaki humo bila yeye kujua. Akimaliza anakaa wima nusu saa. Akikohoa kila anapokula, au sauti ikiwa kama yenye maji ndani, wanasimamisha na wanarudi kwa munganga. Na chumvi imepunguzwa kwa nyumba nzima, pamoja na zile kube za kuungia mchuzi. Watoto wamelalamika sana juu ya sombe.

Mkono mgonjwa hauvutwi. Sisi tungemwinua mzee kwa kumshika kwapani na kumvuta, na bega lililolegea linaweza kutoka mahali pake na kuuma miezi mingi. Kine, yaani munganga wa mazoezi, alimfundisha binti: baba asogee mbele ya kiti, miguu yote miwili ichanue chini, ainame mbele, ndipo ainuke, nawe umesimama upande wake dhaifu. Shati linaanza na mkono mgonjwa, kuvua kunaanza na mkono mzima. Kitandani anageuzwa kila saa mbili, usiku pia, ili ngozi isioze matakoni na kwenye visigino. Ni hiyo saa mbili ya usiku iliyommaliza mwenzetu.

Mama mkwe alifika kutoka kijijini na majani yake, akachemsha maji, akaanza kumkanda mguu. Alifanya kwa upendo, hatumcheki. Lakini mguu ule hausikii moto vizuri, mzee hakuweza kusema «acha», na asubuhi kulikuwa na lengelenge kubwa kama yai. Sasa anakanda kwa maji ya vuguvugu ambayo binti amejaribu kwanza kwa kiwiko chake.

Kumwosha, mzee alikataa bibi yake. Aligeuza uso. Mwenzetu alilia jikoni, akifikiri hapendwi tena. Tulimwambia labda ni haya tu: mwanaume aliyevalisha nusu ya kartye hataki bibi amwone ameshindwa na kifungo. Kijana wao wa pili ndiye anayemwosha, na jioni mama anampaka mafuta mgongoni. Hapo hageuzi uso.

Kitu kilichotuumiza zaidi tulikijua kwa kuchelewa. Vidonge vya tansio vilipokaribia kwisha, mwenzetu alianza kuvikata nusu, akimpa nusu asubuhi, ili vifike mwisho wa mwezi. Yeye anauza sambaza, na tangu bwana aanguke hakushuka sokoni hata siku moja. Hakutuambia. Muuguzi wa kituo cha afya alipima tansio, akaikuta imepanda tena, akauliza mpaka akapata ukweli. AVC ya kwanza inafungua mlango kwa ya pili, na dawa ya kila siku ndiyo kufuli. Jirani mwingine alileta aspirini kwa wema. Hiyo nayo haitolewi na jirani: kama mshipa ulipasuka, aspirini inaongeza damu kutoka, kwa hiyo ni munganga aliyeona picha ya kichwa ndiye anayeamua.

Tulikaa juu ya likelemba. Zamu yake ilikuwa ya tano, tukamweka ya pili. Mama mmoja hakukubali mara moja, kwa sababu zamu ya pili ilikuwa ya mtu mwenye ada ya shule ya kulipa. Alikuwa na haki ya kuuliza, na tulichukua jioni nzima. Mwishoni mwenye zamu alikubali nusu sasa, nusu mwezi ujao. Vidonge vya miezi miwili vilinunuliwa siku iliyofuata.

Kisha tukafanya zamu nyingine, za kupanda. Kila Jumanne na Ijumaa wamama wawili wanakaa na mzee kwa saa tatu. Tulifikiri mwenzetu atashuka kuuza. Jumanne ya kwanza alilala tu, juu ya mkeka, na viatu mguuni. Tulimwacha.

Saa hizo tatu zina kazi. Mzee anainuka na kukaa mara kumi, anapumzika, mara kumi tena. Anachambua maharagwe kwa mkono wa kuume, moja moja, na yanaanguka sana. Anakunjua vidole kwa kutumia mkono mzima. Kine alisema miezi mitatu ya kwanza ndiyo mwili unarudisha mengi, kisha unaendelea polepole, kwa hiyo wasingoje apate nguvu ndipo aanze. Lakini anachoka haraka kuliko mtu aliyelima, na kulazimisha hakusaidii. Tena kila mmoja wetu amejua alama kwa kichwa: mdomo ukienda upande, mkono ukianguka, maneno yakichafuka, unaangalia saa ilianza wakati gani na mnashuka hospitali wakati ule ule, hata kama alama zimepotea.

Ijumaa iliyopita mzee alionyesha mfuko wa vitenge kwa kidole. Wawili kati yetu tulichukua vyetu kupeleka kwa mshonaji mwingine, kwa kukubaliwa naye. Alitikisa kichwa, na tuliona ni kama tumemtua mzigo. Wa tatu aliacha chake. Mzee akaomba chaki. Binti akatandaza kitenge mezani, akaweka chaki ndani ya vidole vya kuume, naye mzee akashika mkono huo kwa ule mwingine na kuusukuma. Mstari ulikwenda kama barabara ya Kadutu. Akaufuta kwa kiganja, akaanza tena. Alipofuta mara ya nne alisema «hapana», safi kabisa, na bibi yake akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Zamu ya Jumanne ijayo bado haina mama wa pili. Mwenye nafasi aandikishe jina Jumapili kwa mwekahazina. Njoo na viatu vya mvua, ngazi za juu zinateleza, na kama una maharagwe yaliyochanganyika na mawe usiyatupe, yalete.