Mikono yetu yawaponza watoto wodini

Mnamo mwaka wa 2019 dada yangu mdogo alijifungua mtoto wa kiume aliyekuwa na uvimbe mgongoni, kasoro ambayo wengi wetu tumezoea kuiita mgongo wazi. Kabla mtoto hajatimiza mwezi mmoja, kichwa nacho kilianza kukua kupita kiasi kwa sababu ya maji yaliyokusanyika ndani yake. Majirani walinong'ona kuhusu laana, nami, mwalimu ninayejidai kuelimika, nikajipa kazi ya kuwanyamazisha. Kumbe hatari iliyokuwa ikimnyemelea mpwa wangu ilikuwa katika mikono ya watu waliompenda, yangu ikiwemo.

Alilazwa katika hospitali ambayo sitaitaja kwa jina, kwani nimezitembelea nyingine tangu wakati huo na sikuona tofauti kubwa. Madaktari walimhudumia kwa ustadi mkubwa. Mgongo ulifungwa, kisha mrija mwembamba ukapitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni ili uyateremshe yale maji. Lakini watoto walilazwa wawiliwawili kitandani, na bomba la pekee la wadi nzima lilitoa maji asubuhi tu. Kuanzia adhuhuri, akina mama walichovya mikono katika karai moja.

Jumamosi moja nilifika hapo jioni. Mtoto wa kitanda jirani alikuwa akilia na mama yake alikuwa ameenda kufua nepi. Nilimbeba, nikambembeleza hadi akanyamaza, nikamlaza. Nilihisi kwamba nepi yake ilikuwa imelowa, lakini sikujali. Kisha nikamgeukia mpwa wangu, nikampa kidole changu anyonye. Siku mbili baadaye alianza kutapika.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mtoto aliyewekewa mrija kichwani akitapika, daktari hawezi kusema moja kwa moja kwamba ni tumbo, kwa kuwa kutapika pia ni dalili ya mrija ulioziba, na mrija ulioziba huua. Ikabidi apigwe picha ya kichwa, na saa zikapita. Muuguzi alitaka kujua kama maji yamepungua mwilini, jambo ambalo kwa mtoto mwingine hutambulika kwa kuugusa utosi: ukibonyea, maji yamepungua. Lakini utosi wa mtoto mwenye kichwa kikubwa haumwambii mtu ukweli. Unaweza kuwa umejaa ilhali mtoto amekauka, au ukabonyea kwa sababu tu mrija unafanya kazi. Kuhesabu nepi zilizolowa nako hakukusaidia, maana neva za uti wa mgongo zikiwa na hitilafu, mkojo hudondoka ovyo, na choo pia. Kuhara kwenyewe kulitambuliwa kwa kuchelewa, kwani dada yangu alidhani ni hali ya mtoto ya kila siku.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na kile kidonda cha upasuaji mgongoni, karibu sana na makalio. Choo chepesi kikifika kwenye kidonda kama hicho, bakteria huweza kuingia hadi kwenye utando wa ubongo. Dada yangu alimlaza mtoto kifudifudi siku sita mfululizo, akimfuta kila baada ya muda mfupi, huku akimpa kwa kijiko maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa kutoka kwenye pakiti. Kidonda kiliachia upande mmoja na kukawa na majuma mengine matano ya kukaa wodini. Alipona. Leo yuko shule ya msingi na huenda darasani kwa kiti cha magurudumu.

Mtoto wa kitanda cha dirishani hakupona. Alikuwa na kasoro ya moyo, ile inayofanya midomo iwe ya buluu. Damu ya watoto hao tayari huwa nzito, na maji yakipungua mwilini huzidi kuwa nzito na kuganda. Isitoshe, wengi wao hawawezi kujaziwa maji mengi kwa haraka, kwa kuwa moyo wenyewe utalemewa. Alihara kwa siku nne. Nilikuwapo mama yake alipokuwa akikunja leso zake.

Sina ushahidi kwamba ni mimi niliyeupeleka ugonjwa ule kutoka kitanda hadi kitanda. Huenda ni shangazi wa mtu mwingine, huenda ni mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akiwahi vitanda vyote kabla ya zamu kwisha. Lakini nimesoma vya kutosha tangu siku hiyo kujua kwamba yawezekana kabisa ni mimi.

Vijidudu vinavyosababisha sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto wachanga ni virusi, na vinavyojulikana zaidi ni virusi vya rota. Viligunduliwa mwaka wa 1973 huko Melbourne, Australia, na Ruth Bishop pamoja na wenzake, walipochunguza kwa hadubini ya elektroni vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliokuwa wakihara. Jina hilo lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kwa sababu ya umbo la virusi vyenyewe. Gramu moja tu ya choo cha mtoto mgonjwa huweza kuwa na virusi zaidi ya bilioni 10, na virusi wasiofika 100 wanatosha kumwambukiza mtoto mwingine. Huishi juu ya reli ya kitanda, kitasa cha mlango na mwanasesere kwa siku kadhaa. Mtu mzima huweza kuvibeba tumboni bila kuumwa. Dalili hutokea baada ya siku 1 hadi 3. Kwa hiyo mtoto anayeanza kuhara siku kadhaa baada ya kulazwa, yamkini aliupata ugonjwa humo humo hospitalini.

Na watoto wenye kasoro za kuzaliwa ndio wanaolazwa muda mrefu kuliko wengine. Yupo aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa, ambaye utumbo wake umetolewa nje ya tumbo kwa muda: akihara, maji humtoka kwa kasi, nao mfuko au kitambaa cha kukingia choo hushikwa na mikono mara nyingi kwa siku. Yupo mwenye kaakaa lililopasuka, ambaye hata maziwa humchukua saa nzima kunywa. Atayanywaje maji ya kutosha kufidia yanayopotea? Yupo aliyengojea upasuaji miezi mitatu, na tarehe ilipofika akaondolewa kwenye orodha kwa sababu anahara.

Msomaji ataniuliza, na chanjo je? Ni swali la haki. Kenya ilianza kutoa chanjo ya virusi vya rota kwa watoto wote mnamo Julai 2014, na utafiti uliofanywa Kilifi na Siaya ukaonyesha kwamba ilipunguza kulazwa kwa sababu ya virusi hivyo kwa asilimia 64. Lakini dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na majuma 6. Mpwa wangu alipotimiza umri huo alikuwa wodini, na kliniki ya chanjo ilikuwa ng'ambo ya ua, hatua mia moja hivi, ikiwahudumia watoto waliotoka nyumbani. Hakuna aliyemkumbuka. Aidha, wapo watoto wenye kasoro fulani za utumbo ambao hawafai kupewa chanjo hiyo kabla ya kasoro kurekebishwa, kwa kuhofiwa kwamba sehemu moja ya utumbo itajiingiza ndani ya nyingine. Hao kinga yao ni sisi tuliowazunguka. Na kuna virusi vya noro, ambavyo havina chanjo inayotolewa hospitalini, na ambavyo hata ile dawa ya kileo ya kupaka mikononi haiviui sawasawa. Sabuni na maji yanayotiririka ndivyo vinavyoviondoa.

Basi nashangaa tunapowatupia lawama akina mama. Niliwasikia wakiambiwa kwamba maziwa yao ni machafu, na mmoja akashauriwa aache kunyonyesha, ushauri mbaya kupita kiasi kwa mtoto anayehara. Hospitali isiyo na maji mchana haina haki ya kumhubiria mtu usafi. Mwaka wa 2020, corona ilipoingia, tuliona ndoo zenye mifereji zikiwekwa kila mlangoni kwa muda wa majuma machache tu. Hivyo basi iliwezekana. Katika wadi nilizozitembelea tangu hapo, nyingi ya ndoo hizo zimekauka.

Sisi walimu nasi tuna letu la kujibu. Ni desturi shuleni mwetu kuwapeleka wanafunzi hospitalini mwishoni mwa mwaka wakiwa na peremende na vinyago, wapige picha na watoto wagonjwa, kisha warudi wakiimba. Mwaka wa 2022 wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili walikuwa wamepanga kwenda 40. Niliwaeleza niliyoyaeleza hapa. Tukakubaliana waende wanne, na fedha zote zilizochangwa zinunue ndoo 6 zenye mifereji, sabuni na jiki ya kupangusia vitanda. Mwalimu mkuu hakufurahi, maana picha ya wanafunzi wanne haipendezi ubaoni.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza iwapo watoto hao wangejua kwamba wamekuja kuwaona. Nilimwambia asimame kwenye dirisha la upande wa ua na awapungie mkono. Alisimama hapo karibu nusu saa, na mtoto mmoja mwenye bandeji kichwani akampungia pia.