Ethiopia: Kidonda cha usoni kinachoishia kula pua

Katika nyanda za juu za Ethiopia, mtu ambaye pua yake imeziba kwa miezi kadhaa na kutokwa damu mara kwa mara huenda haugui mafua wala ukoma. Huenda ana lishmaniasi ya utando telezi, ugonjwa wa vimelea ambao usipotibiwa mapema huharibu pua, midomo na hata kaakaa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, zaidi ya asilimia 90 ya visa vya ugonjwa huu hutokea katika nchi nne: Bolivia, Brazil, Peru na Ethiopia, ambayo ndiyo nchi pekee ya Afrika katika orodha hiyo.

Vimelea hivyo huenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu anayeuma zaidi nyakati za usiku. Nchini Ethiopia, usubi huvipata kutoka kwa pimbi, wanyama wanaoishi mapangoni na kwenye miamba, hivyo wanaokaa karibu na magenge wamo hatarini zaidi. Vimelea vya aina hiyo hiyo vimewahi kugunduliwa pia nchini Kenya, katika eneo la Mlima Elgon.

Kungoja kuna gharama

Kidonda cha lishmaniasi kilicho kwenye ngozi pekee mara nyingi hupona chenyewe baada ya miezi mingi na kuacha kovu. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi huvumilia, na baadhi yao hutumia mitishamba au maji ya baraka. Lakini kidonda kikishaingia puani au mdomoni, si cha kungojewa tena. Amerika ya Kusini, vimelea huweza kuibukia puani miaka mingi baada ya kidonda cha ngozi kupona. Ethiopia, aghalabu ugonjwa husambaa moja kwa moja kutoka kwenye kidonda cha usoni.

Vipimo

Macho peke yake hayatoshi kuutambua, kwani unafanana na ukoma, kifua kikuu cha ngozi, maambukizi ya kuvu na hata saratani. Mganga hukwangua kidonda au kukata kipande kidogo cha nyama, kisha maabara hutafuta vimelea kwa hadubini. Tatizo ni kwamba ndani ya pua vimelea huwa vichache, hivyo kutoonekana kwao hakumaanishi kwamba havipo. Kipimo cha vinasaba hubaini zaidi, ila hupatikana katika maabara kubwa tu. Nacho kipimo cha haraka cha damu kinachotumika kwa kala-azar hakifai kwa ugonjwa huu.

Matibabu

Dawa ya kupaka haitoshi mara ugonjwa unapofika puani. Mgonjwa huhitaji dawa inayozunguka mwili mzima. Dawa ya miaka mingi ni sindano za antimoni, zinazotolewa kila siku kwa takriban mwezi mmoja. Kwa kuwa zinaweza kudhuru moyo, ini na kongosho, mgonjwa hufuatiliwa kwa vipimo hospitalini. Nyingine ni miltefosini, ambayo humezwa, na amfoterisini B, inayotiwa kwenye mshipa. Miltefosini hudhuru mimba, kwa hiyo haipewi mwanamke mjamzito, na anayeitumia hutakiwa kuzuia mimba hata kwa miezi kadhaa baada ya dozi kuisha. Wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI huhitaji uangalizi zaidi, maana kwao ugonjwa hurudi kwa urahisi.

Hata baada ya kupona, mgonjwa hutakiwa kurudi kliniki kuchunguzwa, kwani dalili zinaweza kujitokeza upya.

Dawa huua vimelea, lakini hairudishi gegedu la pua lililokwisha kuliwa. Linaloweza kufanyika hapo ni upasuaji wa kurekebisha uso, nao hufanywa baada ya ugonjwa kutoweka. Kwa hiyo kidonda cha usoni kisichopona kwa wiki kadhaa, hasa kilicho karibu na pua au mdomo, kinapaswa kupelekwa hospitali kikiwa bado kidogo.