Je, Wajua? Benchi la Bibi Hupunguza Wasiwasi

Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14 mtaani Mbare, Harare, nchini Zimbabwe. Baada ya mafunzo, bibi huketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Humsikiliza aliyelemewa na hofu mpaka ayataje yote yanayomsumbua. Kisha mgonjwa huchagua tatizo moja tu na kupanga hatua ndogo ya kuanzia. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliokaa benchini walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Ukizidiwa, usinyamaze: mtafute unayemwamini, kisha mwanze na tatizo moja.