"SINA MANENO YA KUANDIKA"
Maneno yako mbele ya mulango wako



Mwalimu akisema darasani, "Leo kila mutu aandike hadisi yake mwenyewe," mara moja kunakuwa kimya. Mumoja anauma biki, mwingine anaangalia dirisha, kiisha musichana wa nyuma anainua mukono: "Mwalimu, miye sina maneno." Katika vikundi vya vijana wa kanisa ni vile vile. Wakati wa kutayarisha muchezo wa Noeli ao shairi la kusomea wazazi, wanatafuta kitabu cha kunakili. Wanawaza kama maneno ya kuandika yanakaa mbali, Kinshasa ao Ulaya, ao ndani ya filamu. Mutoto wa Kolwezi ataandika juu ya theluji ambayo hajaigusa hata siku moja, lakini ile vumbi nyekundu inayoingia mpaka ndani ya sahani yake ya bukari hataitaja.

Kuna wenye kusema kuandika ni zawadi ya kuzaliwa nayo, asiyeipata, basi. Siye hatukubali. Zawadi iko, ndiyo, lakini mingi ni kazi ya macho na masikio, na hii kazi inaweza kufundishwa sawa vile tunafundisha mutoto kuchambua mucele.

Tuanze na watu wa kwetu. Mwaka 1965, wakati Lubumbashi ilikuwa ingali inaitwa Elisabethville, wanaume waliokuwa watumishi katika nyumba za wazungu waliona kama historia ya muji inaandikwa na mabwana tu. Mumoja wao, André Yav, akaandika kwa niaba yao, kwa Kiswahili cha muji, kitabu kidogo kilichopigwa kwa mashine: "Vocabulaire de ville de Elisabethville". Hawakuwa maprofesa. Walikuwa wapishi, wafua nguo, watu waliosimama nyuma ya meza wakiwa na sinia na kusikia yote. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu yao na ya wazee wao. Leo wataalamu wa inchi nyingi wanakisoma hiki kitabu, na mwaka 1990 kilichapwa tena na kutafsiriwa kwa Kiingereza. Angalieni: mutu aliyeamriwa kunyamaza mezani ndiye aliyeandika.

Mufano mwingine, ambao tunaupenda zaidi. Mwaka 1986 mtaalamu mumoja, Johannes Fabian, alikuwa Lubumbashi, na wakati wa kula, juu ya firigisi ya kuku, akasikia mezali inayosema kwa Kifaransa kama mamlaka yanakuliwa mazima, hayakatwi vipande. Hakuelewa vizuri maana yake. Akaenda kuuliza rafiki zake wa kikundi cha teatri cha Mufwankolo, wale ambao watu wengi wa Katanga waliwajua kwa redio na televisheni. Nao walianza kubishana: huyu anasema maana ni hii, yule anasema hapana, ni ile. Kutoka katika yale mabishano walitengeneza muchezo muzima, wenye sultani na watu wa mugini wake, na wakauchezea katika kijiji cha Kawama kusudi upigwe picha kwa televisheni. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walipanga njia ya hadisi, kiisha kila mutu akatafuta maneno yake wakati wa kujizoeza. Muchezo wote ulitoka katika firigisi moja! Na ni kwa sababu watu hawakukubaliana. Nyumbani kwenu kuna mezali gani ambayo baba anaielewa namna moja na mama namna nyingine? Anza pale. Mezali ambayo watu wote wanakubaliana nayo haina hadisi ndani yake. Ile inayoleta ubishi ndiyo iko na hadisi.

Wachoraji wa Lubumbashi nao walijua jambo hili. Katika miaka ya 1970, ndani ya salon nyingi za wafanyakazi, ungekuta tablo ukutani: mamba-muntu, yule mwanamuke wa maji, ao picha ya "Colonie belge" na askari mwenye kupiga mufungwa fimbo. Wachoraji wengi walitumia kitambaa cha mufuko wa unga. Tshibumba Kanda Matulu alichora hivi historia yote ya inchi, tablo karibu 100, katika miaka ya 1973 na 1974. Wenyewe walisema hizi ni picha za ukumbusho. Hazikuwa mapambo tu. Mugeni anaingia, anakaa, anaangalia ukuta, anauliza, na mwenye nyumba anaanza kusimulia. Katika nyumba zetu za leo tablo hizo zimekuwa chache, lakini vitu vya ukumbusho viko: kofia ya kazi ya baba iliyotundikwa ku musumari, picha ya ndoa yenye kuliwa na muchwa pembeni, sahani ya emaye ambayo mama hapendi itumiwe. Kamata kitu kimoja. Usiandike "ni kizuri". Andika kilitoka wapi, nani alikibeba, nani alikigombania, na kwa nini hakijauzwa hata siku njaa ilipoingia.

Sasa tufanye kazi kidogo pamoja. Tuseme asubuhi umesimama barabarani, na mutu anapita na kinga iliyobeba mifuko ya makala. Wengi wataandika hivi: "Mutu huyu anateseka sana. Maisha ni magumu." Hii ni kweli, lakini musomaji hajaona kitu. Sasa soma hii ingine: "Haendeshi kinga, anaisukuma. Amefunga kijiti ku gidoni kusudi mukono wake ufike, kwa sababu mifuko imeficha kinga yote. Amevaa kandambili mbili zisizofanana. Alipofika mbele ya kilima, alisimama, akatazama juu, akafunga tena kamba ambayo haikuwa imelegea." Hakuna neno "kuteseka" pale, hata moja. Lakini ile kamba ambayo haikulegea, kila mutu ambaye ameogopa kazi nzito anaijua. Huyu mutu alikuwa anatafuta dakika moja ya kupumzika bila kujionesha muchovu.

Kisha jiulize. Alitoka nyumbani saa ngapi? Nani alibaki kule? Faranga za kwanza atakazopata, ziko na mwenyewe tayari? Kama anaanguka pale kilimani, nani atasimama? Usitafute jibu moja ya kweli. Chagua moja inayokusumbua na uifuate. Hadisi imeanza.

Masikio nayo yafanye kazi yao. Kwenye robine, siku ambayo maji yanatoka kidogo, hakuna redio inayoshinda foleni ya mabidoni. Pale utasikia namna mama mukubwa anavyomujibu kijana aliyepita mbele yake, bila tusi hata moja, na yule kijana anarudi nyuma. Yale maneno yaandike siku ile ile; kesho yatakuwa yamepoteza chumvi yao. Andika vile yalivyosemwa. Kama mama alisema "weye mutoto, miye nilikuzaliya wakati gani?", usimupatie Kiswahili cha kitabu cha masomo. Kiswahili bora kiko na pahali pake, katika barua ya kazi na katika musimulizi mwenyewe akipenda, lakini mutu wa Likasi akifungua kinywa ndani ya hadisi yako, tusikie Likasi. Na majina! Wafanyakazi wa zamani walimupatia kila mukubwa wa kizungu jina la kupanga, kwa kutembea kwake, tumbo lake ao hasira yake. Jina moja la namna hiyo ni hadisi nusu.

Tufike sasa kwa jambo ambalo ndilo limetusukuma kuandika makala hii. Wazee wetu wanaenda. Wale walioanza kazi katika Union Minière, mbele serikali haijaichukua mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines, waliobaki ni wachache. Hata wale waliofanya kazi miaka ya nyuma, wakati kampuni ilitoa posho ya unga, shule, hospitali na hata mupira wa Jumapili, nywele zao zimekuwa nyeupe. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10 000 waliachishwa kazi katika ule mupango ulioitwa "départs volontaires", baada ya miezi mingi bila mushahara. Kwa hiari? Kila jamaa iko na jibu lake. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikwisha kutoa mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi hawa, na kichwa chake kinawaita "Bana Shaba" walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Tangu 2000 pia watu wa muradi "Mémoires de Lubumbashi" walipita katika jamaa kukusanya masimulizi na vitu vya nyumbani. Ni kazi kubwa, lakini hakuna profesa anayeweza kufika ku kila nyumba. Ya kwenu, asipoiandika mutoto wa kwenu, itazikwa pamoja na mwenyewe.

Lakini namna ya kuuliza inahitaji heshima. Ukimuambia muzee, "Baba, unielezee maisha yako," atasema, "Tulifanya kazi, ni vile tu," na ataomba maji. Uulize kitu kidogo. "Baba, mushahara wa kwanza ulinunua nini?" "Mama, siku Baba alirudi na zile faranga za mwisho, mulikuwa mukipika nini?" Kiisha nyamaza. Kimya kikiwa kirefu, usikijaze. Wazee wanatembea ndani yake. Na kama analia, weka biki chini, umushike mukono. Kaye itangoja.

Kuna tena hatari moja, na tuiseme wazi kwa sababu tuko jamaa za kanisa na tunajuana. Siri ya jirani si mali ya kaye yako. Ukisikia nyumba ya pili wanagombana juu ya faranga, unaweza kuandika ugomvi, lakini ubadilishe jina, barabara, idadi ya watoto, mpaka wenyewe wakisoma waseme, "Hii inafanana na sisi," si "Hii ni sisi." Na kijana akifa katika shimo la ba-creuseurs, kilio chake si nafasi ya kuonesha kama unajua maneno mazuri. Ngoja. Kuna hadisi zinazoomba mwaka mzima. Ukiandika kisha, andika viatu alivyoacha juu, andika mudeni aliyekuja kilioni akashindwa kuomba deni lake. Musiba hauhitaji kuongezewa sauti.

Wenye kutaka kufika mbali, wajue kama wengine wametoka hapa hapa. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 wakati ilikuwa inaitwa Jadotville na kufariki mwaka 2025, alikaa katika ujana wake kwa wamonaki wa Mutakatifu Benedikto, na baadaye akaandika vitabu ambavyo vinasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Fiston Mwanza Mujila, muzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1981, alitoa "Tram 83" mwaka 2014, na hadisi yake inaanza ku gare ya treni ya muji wa mugodi. (Wazazi, hiki si kitabu cha watoto, baa iko ndani tangu mwanzo mpaka mwisho.) Gare, kelele, watu wenye kungoja treni: nani kati yetu hajaviona?

Mahitaji si mengi. Kaye ya kurasa 48 na biki. Isikae chini ya kitanda, panya wanapenda karatasi. Isikae karibu na dirisha wakati wa mvua. Mistari mitano kila mangaribi inatosha, hata umeme ukikatika, kwa mushumaa. Usiandike "leo hakuna kitu kilichopita". Andika nani alikohoa usiku, bei ya kopo la unga imefika wapi, mutoto alisema neno gani akachekesha watu wote.

Na Jumapili hii, mukitoka kanisani, musikimbilie kula. Ukae pembeni ya nyanya, umusaidie kuchambua sombe, umuulize ni nani alimufundisha kuipika, na yule alikuwa anatoka mugini gani. Akicheka, "Unataka kujua juu ya nini?", mwambie ni juu ya kaye yako. Halafu uandike na ile cheko.