Je, Wajua? Mianya ya Herufi za Stensili Haikuwekwa kwa Urembo

Je, wajua kwamba ile mianya kwenye maandishi manene yanayopigwa kwenye masanduku, mapipa na magari ya jeshi ndiyo inayoiokoa herufi? Chukua bati jembamba, ukate O. Duara la katikati litaanguka papo hapo, na ukipaka rangi utapata doa la mviringo. Ndiyo maana mkataji huacha vipande viwili vyembamba vya bati vilishike duara hilo, na palipo na vipande hivyo rangi haifiki. A, D, P, Q na R zote zina kitovu kinachohitaji kushikwa. B ina viwili, na 8 vilevile. I, L na T hazidai chochote. S haina kitovu, ila ulimi wa bati ulio ndani ya mikunjo yake hupinda haraka, basi nayo mara nyingi huongezewa kishikizo.

Mpakaji hodari hubeba rangi kidogo, husimamisha brashi wima na kugongagonga. Akiburuta, rangi hupenya chini ya bati na kingo zinachafuka. Magunia ya kahawa ya Kenya, Uganda na Tanzania yamesafiri hadi bandari za mbali yakiwa na alama za namna hiyo: nchi, msafirishaji, namba ya shehena.

Mwaka 1781 Benjamin Franklin, akiiwakilisha Marekani nchini Ufaransa, alinunua Paris seti ya stensili kutoka kwa fundi aliyeitwa Bery. Ingali Philadelphia hadi leo.

Kinachonivutia zaidi ni kilichotokea mwaka 1937. Mwezi Juni kampuni ya Ludlow ya Chicago ilitangaza chapa ya risasi, yaani herufi za metali za kuchapia, iliyoitwa Stencil, kazi ya R. Hunter Middleton. Mwezi mmoja baadaye kampuni ya American Type Founders ikatoa ya kwake, kwa jina hilohilo, iliyochorwa na Gerry Powell. Chapa ya risasi haina bati la kukatwa wala kitovu cha kuanguka. Kila herufi husimama kwenye risasi. Hata hivyo wote wawili waliichonga mianya kwa makusudi, kwa sababu macho ya watu yalikwisha kuizoea kama sura ya shehena na karakana. Ya Powell ndiyo iliyoenea zaidi, na nadhani ilistahili: mistari yake mizito imeviringwa kidogo kwenye ncha, kama rangi iliyotulia juu ya ubao. Ina herufi kubwa tu.

Ukitaka kuitumia, ipe nafasi: bango, jalada, ubao wa duka. Kwenye aya ya maandishi madogo wino huziba mianya, na maneno hugeuka madoa meusi yanayochosha macho.