Mlimau unaokaa nyumbani

Huku Kongo mlimau wakaa nje. Mtoto atupa mbegu nyuma ya jikoni, mvua yainywesha, na baada ya miaka kadhaa mama achuma malimau. Nani ataweka mti huo chumbani, karibu na dirisha? Watu wangemcheka.

Ubelgiji na Ufaransa hawacheki. Huko, mwezi wa 12 na mwezi wa 1, baridi ni kali hata maji ya madimbwi hugeuka barafu. Mlimau asili yake ni Asia, katika nchi za joto, nao hauvumilii barafu. Basi watu huupanda katika chungu kikubwa au sanduku la mbao: wakati wa joto hukaa nje, wakati wa baridi huingizwa ndani.

Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa na michungwa mingi sana. Kati ya 1684 na 1686 alijengewa nyumba kubwa kwa ajili yake huko Versailles; fundi mkuu alikuwa Jules Hardouin-Mansart. Madirisha yake yaelekea kusini, maana huko Ulaya jua la wakati wa baridi hupita upande huo. Hata leo miti hutolewa nje mwezi wa 5 na kurudishwa mwezi wa 10. Tena masanduku yake yana ubavu unaofunguka, ili mtunza bustani aone mizizi. Ni akili nzuri, kwa sababu ugonjwa wa mti wa chunguni huanzia huko chini mara nyingi.

Tazameni sasa mlimau katika nyumba ya mtu wa kawaida. Majani yageuka manjano, yaanguka. Mwenye mti asema: « Maskini, una kiu. » Aumwagia maji asubuhi, aumwagia jioni. Majani yazidi kuanguka. Naye azidisha maji. Hiyo ni huruma inayoua. Udongo ukipoa chini ya digri 12 hivi, mizizi ya mlimau karibu yaacha kufanya kazi. Haiwezi kunywa. Maji yabaki chunguni, yafukuza hewa iliyomo katika udongo, na mizizi yaoza. Mzizi uliooza haunywi tena, basi mti wafa kwa kiu katikati ya maji.

Je, mti uliobaki matawi matupu waweza kupona? Kwanza hukwaruzwa ganda la tawi kwa ukucha. Chini yake pakiwa kibichi, tawi li hai. Pakiwa pakavu, rangi ya kahawia, tawi limekufa. Hukatwa mpaka palipo kibichi.

Halafu mti hutolewa chunguni. Mzizi mzima ni mgumu, rangi yake nyeupe au manjano. Mzizi uliooza ni mweusi na laini, ganda lake lavuka kati ya vidole, na wanuka. Yote ya namna hiyo hukatwa kwa kisu safi. Matawi nayo hupunguzwa kidogo, maana mizizi michache haiwezi kulisha matawi mengi. Udongo mpya huchanganywa na mchanga mnene, na chungu lazima kiwe na matundu chini. Kisiwe kikubwa mno: udongo usio na mizizi hushika maji bure.

Mti humwagiliwa mara moja, kisha huachwa. Kabla ya kuumwagilia tena, mwenyewe huingiza kidole katika udongo mpaka kiungo cha pili. Akikuta unyevu, angoje. Mbolea asitie bado, kwa kuwa huunguza mizizi migonjwa. Chungu hukaa penye mwanga mwingi, mbali na jiko linalopasha nyumba moto.

Majuma mengi yaweza kupita bila kitu kuonekana. Siku moja chipukizi latokea, na nyumba nzima yafurahi. Lakini limetokea wapi? Milimau mingi inayouzwa huko imeunganishwa: shina ni la mlimau, mizizi ni ya mti mwingine wa jamaa yake. Chipukizi likitoka chini ya kiungo, mara nyingi lina miiba mirefu, na pengine majani yake ni matatu matatu. Hilo si mlimau. Huondolewa mara moja, hata likiwa zuri namna gani, maana lanyang'anya chakula cha mlimau wenyewe.

Mwezi wa 5 mti hutolewa nje, kwanza kivulini kwa siku kumi hivi, kwa kuwa majani yaliyoota nyumbani huunguzwa na jua. Ukitoa maua mwaka huo, malimau yake huchumwa yangali madogo kama punje za njegere, ili nguvu zote ziende kwenye mizizi na majani.